Kitanzi Kilichofungwa Mpira

Mume wangu alipotaka kushuka kuchimba kisima chetu hapa Lituhi, mdogo wake alileta kamba ya kumshushia, yenye kitanzi cha kukalia. Sisi wa ziwani kitanzi cha kubeba mzigo tunakiacha wazi, ili kila mtu aone ncha za nyuzi zilivyosukwa kurudi ndani ya kamba. Chake alikuwa amekizungushia mpira wa tyubu, kikapendeza. Tangu lini kamba ikapambwa?

“Shemeji, fungua nione.”

“Huniamini? Huyu si kaka yangu?”

Nikaukata mpira kwa kisu. Ncha zilikuwa zimepitishwa mara moja tu badala ya tatu au zaidi, kisha zikachomwa moto zigandane.

“Itashika hiyo,” alisema.

“Basi tangulia wewe.”

Akachungulia kisimani. Kisha akakaa chini, akaanza kukifumua kitanzi.