Pasaka Bila Jina la Mama

Watu wa kwetu wakiishiwa maneno msibani husema, "Mungu yupo." Husema hivyo huku wanatafuta mahali pa kuweka kikombe. Nimeambiwa mara nyingi mpaka nikaanza kuwajibu, "Najua yupo, hilo silo ninalouliza." Mtoa pole hubaki ameduwaa, na wadogo zangu hunikonyeza ninyamaze. Sijawahi kuwa hodari wa kunyamaza.

Nilichokuwa nauliza ni kwa nini alikaa kimya walipomtoa mama yangu kwenye meza yake.

Mama aliishi nje kidogo ya mji wa Tabora, upande ilikopita misafara ya zamani ikielekea Ujiji. Wageni wanaokwenda kwenye makumbusho ya Kwihara hushuka garini kuipiga picha njia ile. Kwetu ni njia ya kisimani na ya kanisani, na mama aliikanyaga zaidi kwa ajili ya kanisa. Jumamosi alikuwa akipiga deki sakafu ya kanisa, Jumapili akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na katikati ya wiki akienda kuwaona wagonjwa na kibakuli cha uji. Mimi ni fundi cherehani mjini. Sare za akina mama hao, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, nilizishona karibu zote, kwa hiyo nawajua vizuri, hata wale wanaobana pumzi ninapowapima kiuno.

Mama alikuwa na rafiki. Walibatizwa siku moja, wakaimba bega kwa bega mpaka mvi zikawatoka. Waliitana "mayu", yaani mama kwa Kinyamwezi, na kila mmoja alilitamka kama anamtania mwenzake. Mimi nilimwita mama mdogo na sikuwahi kujiuliza kama tuna undugu wa damu. Mama alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akija asubuhi kumwogesha nikiwa kazini. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake kanisani, kwa sauti, mbele za watu. Nalikumbuka hilo vizuri kuliko ninavyopenda.

Ilikuwa saratani ya tumbo. Hospitalini Mwanza walitueleza kwa upole kwamba tumechelewa, wakatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, tukarudi nyumbani. Dawa ilipokuwepo, mama alikuwa mama: anauliza nani kaposwa, anacheka, anaagiza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ipikwe kwa karanga ingawa ataonja kidogo tu na kusukuma sahani. Dawa ilipokosekana, na ilikuwa ikikosekana, aliuma pindo la kanga. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba kama nilivyofundishwa tangu utoto, nikimkumbusha Mungu ahadi zake mwenyewe moja moja. Nilikuwa naomba nikiwa nasikia meno ya mama kwenye kitambaa. Hakuna kilichobadilika mle chumbani.

Katika siku hizo za kukosa dawa, mjomba alikuja kutoka Goweko. Ni kaka mkubwa wa mama, mkulima wa tumbaku, na kanisani huonekana kwenye harusi tu. Alileta mizizi ya kuchemsha na uzi mweusi wenye vifundo, vyote kutoka kwa mganga wa huko. Mimi nilikuwa mjini. Mama alikunywa mizizi, kisha akamwacha kaka yake amfunge ule uzi kiunoni.

Kwetu mizizi peke yake si neno. Nusu ya kanisa hunywa mizizi, na mchungaji naye tumbo likimsumbua hasemi hapana. Kesi ni uzi. Uzi maana yake umekwenda kwa mganga, umeomba ulinzi kwa mwingine. Mama alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu alikuwa amewafundisha mabinti wa kipaimara hayo hayo. Nilipomuuliza baadaye aliniambia tu, "Kaka yangu alikuwa analia. Ningemwambia nini?"

Asubuhi iliyofuata mama mdogo alipokuwa akimwogesha aliuona.

"Mayu, hiki nini?"

"Kaka kanifunga. Nilizidiwa, mayu. Niombee."

Haya alinisimulia mama mwenyewe, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesimulia alivyosaidiwa kubeba mzigo. Mama mdogo alimaliza kumwogesha, akampaka mafuta, akamwombea. Halafu akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee wa kanisa, upande wa mjini. Cherehani yangu iko njiani, na hakusimama.

Wazee walikuja watatu, wamevaa makoti katika lile joto linalotangulia mvua. Walimuuliza mama, naye hakukana. Aliniomba mkasi wangu wa kazi, akaukata uzi mwenyewe mbele yao, akauweka juu ya sahani. Akasema ametubu, Bwana amsamehe. Nikadhani yamekwisha. Mzee mkubwa akasema hilo ni jambo jema, ila utaratibu ni kwamba mtu husimama mbele ya usharika ndipo anarudishwa kundini.

"Hawezi kusimama, baba," nikasema. "Hata kukaa anashikiliwa."

"Tunaona, binti yetu. Baraza litakaa baada ya sikukuu, litalitazama."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo, asiletewe Meza ya Bwana."

Wakaomba, wakaaga. Chai niliyoandaa hawakuigusa. Mama alilala ameelekea ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona analia kwa kitu kisichokuwa tumbo.

Kesho yake mama mdogo alikuja na kibakuli chake cha uji kama kawaida. Siku hiyo sikwenda kazini. Nilisimama mlangoni kumzuia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ameamkaje?"

"Amelala."

Alijua kwamba nadanganya, maana mama alikuwa akikohoa ndani. Alihamisha kibakuli mkono huu kwenda mkono ule. "Nilifanya kwa ajili ya roho yake," akasema. "Ningenyamaza, ningekuwa namsaidia kupotea."

"Alikwambia umwombee. Hakukwambia umpeleke barazani."

Niliuacha uji mikononi mwake nikafunga mlango. Mama akauliza nani, nikamwambia, akasema ningemwacha aingie. Nikamwambia katika nyumba hii haingii tena. Ni nyumba yake mama, lakini nilisema hivyo, na sijutii.

Krismasi ikafika. Kutoka kitandani unasikia kanisa vizuri upepo ukiwa upande wetu. Tuliwasikia wanaimba, kisha ule ukimya mrefu, na sote wawili tulijua kwamba ukimya huo ndio mkate unagawiwa. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kidogo. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Mama, huyo Mungu yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Amekaa."

"Mbona hasemi kitu?"

Alifikiri, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kujibu ovyo swali la Mungu. "Wewe umewahi kwenda kumwona mtu aliyezidiwa," akasema. "Ulimwambia nini? Unakaa tu. Anayesema sana anachosha mgonjwa."

Nilitamani yanitoshe maneno hayo. Hayakunitosha. Nilimwona anamtetea kama wake wanavyowatetea waume wasioleta kitu nyumbani. Yeye alikuwa na uhakika, mimi nilikuwa na vyombo vya kuosha, nikaondoka chumbani. Nilipofika uani nilimwambia Mungu kwamba kama amekaa, basi ainuke afanye jambo moja: amwachie mama aimbe mara moja tena mahali pake, sauti ya pili, kabla hajafa. Sikuomba apone. Niliona hata mimi nimepunguza bei.

Mama alifariki mwanzoni mwa Januari, baraza likiwa bado halijakaa.

Kengele haikupigwa. Mchungaji hakuja; alikuja mwinjilisti mmoja, akaomba sala fupi akiwa amevaa shati lake la kawaida. Akina mama wa kwaya walikuja mmoja mmoja na kanga zao, kama majirani, wakasonga ugali, wakachota maji, wakalia kweli, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Mjomba alisimama mbali, karibu na choo, akijiona yeye ndiye muuaji. Tuliambiwa sare ya kanisa isiingie kaburini. Nikamvika, blauzi na sketi, nikazungushia vitenge viwili juu yake. Nilikuwa nimempunguzia kiuno mwenyewe. Walimzika upande wa chini wa makaburi ya kanisa, pale yanapopakana na mihogo ya watu.

Kuanzia siku ile sikuomba tena. Sikusema hakuna Mungu. Nilimnunia, na huwezi kumnunia asiyekuwepo. Nilikula bila kushukuru, nililala bila kuaga. Wateja wakisema "Bwana asifiwe" nilikuwa nawauliza mikono mirefu au mifupi. Kanisani sikukanyaga. Nilijua kwamba kule barazani waliliondoa jambo la mama kwa sababu mhusika ameshafariki. Mwinjilisti ndiye aliyenieleza, na kwa heshima yake naomba niseme aliona aibu.

Ila Pasaka nilikwenda, kwa sababu Pasaka ya kwetu haianzii kanisani, huanzia makaburini. Jumamosi kila familia hupalilia kaburi lake na kulipaka chokaa. Alfajiri ya Jumapili wapiga tarumbeta hupita kijijini wakiwaamsha watu, na usharika wote hukusanyika kati ya makaburi, nyuso zimeelekea mashariki. Jua likikaribia kuchomoza, mchungaji huwataja waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Hutaja jina la mtu, halafu husema, "Bwana amefufuka." Na watu wote hujibu, "Amefufuka kweli kweli." Mama alikuwa anasema hiyo ndiyo ibada aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa hapo aliye hai na aliyekufa wanahesabiwa pamoja.

Nilisimama kule chini peke yangu, karibu na kaburi lake jeupe. Sikuja kusali. Nilikuja ili awe na mtu.

Tarumbeta zikanyamaza. Mchungaji akaanza. Akataja mtoto mchanga wa mwalimu, watu wakajibu. Akataja bibi mmoja wa kule bondeni, wakajibu. Akataja mzee mmoja ambaye kijiji kizima kilijua alivyokuwa akimpiga mkewe, na hakuna aliyewahi kumkuta na uzi. Wakamjibu na yeye, tena kwa nguvu. Nilikuwa nasubiri. Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa nasubiri, kwamba mpaka dakika ile niliamini mtu atakumbuka, au Mungu atamgusa mchungaji ulimini. Mchungaji akasema, "Tuombe."

Nikataja jina la mama. Nililitaja lote, na la baba yake, kwa sauti ninayoitumia sokoni. Na kwa kuwa hakuna aliyelipokea, nikaendelea mwenyewe: "Bwana amefufuka."

Watu waligeuka. Mchungaji alikuwa na mkono hewani bado, akautazama kama si wake. Wazee walitazamana. Hakuna aliyejibu. Nilisikia majogoo ya kijijini, na nikasikia mtu anamnyamazisha mtoto. Nikajiambia, haya, sasa umejua. Watu wa Mungu ndio hawa, na yeye ndiye huyu.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya kundi, peke yake, imepasuka kidogo, "Amefufuka kweli kweli."

Sikuhitaji kutazama. Sauti ile nimeikuta duniani, ikiwa imebebana na ya mama kila Jumapili. Alikuwa mama mdogo. Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea kidogo, na mzee mkubwa alimkazia macho, na yeye alijua vizuri kuliko sisi sote maana ya macho yale; sasa na yeye ataitwa barazani. Hakuinamisha kichwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Mdomo ule ule uliompeleka mama barazani. Nilikuwa nimengoja tangu Januari mtu mmoja tu aseme, na kama ningeulizwa nichague, ningemchagua yeyote, ningemchagua hata yule mzee mkubwa mwenye koti, kuliko yeye. Nikakaa chini juu ya udongo niliopalilia jana yake, nikalia kwa hasira.

"Watu wote hawa," nikamwambia Mungu, "hukuona mwingine?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu tumzike mama.