Jumapili Niliyomwita Luisa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sipendi kuisimulia. Lakini nimekusikia tangu asubuhi ukinung'unika kwamba padre amefunga kanisa kwa ajili ya kipindupindu, na kwamba wewe na wenzako wa kwaya mtakutana kwa siri nyumbani kwa mmoja wenu. Kaa hapo. Uji ukipoa tutaupasha.

Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliokuwa wakitawala, nami nilikuwa msichana wa huku huku milimani Uluguru, mwembamba, mwenye sauti. Usicheke. Sauti hii unayoisikia ikikwaruza ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani misheni, na rafiki yangu Luisa akinifuata kwa sauti ya chini. Tulifundishwa katekisimu pamoja, tukabatizwa siku moja, na mtu akimwona mmoja wetu alimwuliza mwenzake yuko wapi.

Ikaingia ndui. Akida, msimamizi wa eneo letu, akatangaza amri ya serikali kwamba watu wasikusanyike, na padre wetu, Mzungu mwenye ndevu aliyetupenda kwa ukali, akafunga mlango wa kanisa. Nyumba yenye mgonjwa iliagizwa iweke jani la mgomba njiani, ili mpita njia ajue na ageuze. Kusali tulipangiwa hivi: kengele ya misheni ikilia Jumapili, watu wa kila nyumba wakae mlangoni kwao, naye Mwalimu Aloisi, katekista wetu, asimame juu ya jabali aanzishe rozari kwa sauti kubwa. Unajua nyumba zetu zilivyo, moja huku mteremkoni, nyingine kule ng'ambo ya kijito, na sauti hupita bondeni bila shida. Basi wa huku wakaitikia, wa kule wakaitikia, mlima mzima ukasali. Waliokuwapo walisema hata Misa ya Pasaka haikuwahi kuwagusa vile.

Mimi sikuyasikia hayo. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mgongo wa mlima, sauti ya Mwalimu haikufika, wala yangu haikutoka. Nilisali Jumapili tatu, msikilizaji wangu mbuzi. Niliona uchungu, na uchungu huo nikauita hamu ya Mungu.

Jumapili ya nne mama alikuwa kwenye kibanda cha shambani akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Aliniachia kaka yangu Petro, aliyekuwa na homa na maumivu ya kiuno. Asubuhi nilipompa maji niliona vipele vitatu kwenye paji la uso wake. Mwanangu, niliviona. Nikajiambia ni harara. Nilipaswa kukata jani la mgomba nikaliweke njiani, na mgomba ulikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni. Badala yake nilipanda juu ya mgongo wa mlima, nikageukia kwao Luisa bondeni, nikaimba wimbo wa Mama Maria tuliokuwa tukiupenda wote wawili. Tulikuwa na desturi hiyo tangu utotoni: mmoja akiimba, mwenzake huja.

Akaja. Aliuliza kama nyumbani wazima, nikamwambia wazima, Petro ana homa ya kawaida tu. Akaingia kumpa pole kama ilivyo adabu yetu, akakaa kitandani pake, akamshika mkono. Kisha tukaimba uani mpaka jua likawa kali, na sijawahi kuimba vizuri namna ile.

Petro alipona, akabaki na makovu. Mimi nilikuwa nimechanjwa misheni nikiwa mdogo, lakini Luisa siku ya chanjo alikuwa kwa bibi yake, akakosa. Baada ya wiki mbili aliugua, na hakuinuka tena. Alizikwa na wanaume wawili waliokuwa wameugua ndui zamani wakapona. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na watani wa kutuchekesha katikati ya kilio, hapakuwa na wimbo hata mmoja. Nilisimama ng'ambo ya kijito nikitazama jembe likipanda na kushuka, na nilitamani ardhi inichukue mimi.

Mwalimu Aloisi alinikuta pale. Alisimama mbali kidogo kama amri ilivyotaka, akaniuliza kwa upole ni nani aliyemwita Luisa siku ile. Nikasema ni mimi, nilitaka tusali.

"Veronika," akasema, "ungemtaka Mungu ungemkuta mlangoni kwako. Wewe ulitaka kusikiwa."

Alisema kweli.

Kanisa lilipofunguliwa, kabla sijaingia humo nilikwenda kwa mama yake Luisa. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, hata vile vipele vitatu. Nilitaka anipige. Alikuwa akipukuchua mahindi, akaendelea kupukuchua bila kunitazama.

"Nilimkataza asije kwako," akasema mwishowe. "Akanijibu, mama, Veronika akiwa na mgonjwa atasema."

Nilimsaidia kupukuchua mpaka mahindi yakaisha, nikarudi nyumbani. Miaka mingi baadaye alinisamehe kwa kinywa chake, na hata hivyo usingizi wangu haukurudi kuwa wa zamani.

Basi shika hili, mwanangu. Mlango wa kanisa ukifungwa, Mungu hakufungiwa ndani. Sali hapo ulipo, hata kama hakuna anayekusikia, na usiyabatize matakwa yako ukayaita ya Mungu. Nyumbani kwako kukiwa na ugonjwa, sema mapema, hata ukiona aibu, hata ukibaki peke yako, maana mwenzako atakuuliza mara moja tu na atakwenda na jibu utakalompa. Ukimaliza uji wako nenda kawaambie wenzako kwamba hamtakutana. Na kama yuko anayeharisha kati yenu, mshike mkono kwa maneno tu, apelekwe hospitali leo hii.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe sauti nzuri na maisha marefu. Na yule anayekuamini, akujalie uzeeke naye. Mimi nimezeeka bila wangu.