Wifi Yangu na Vikopo vya Bangwe

Wifi yangu Siwema ana kipaji kimoja: anaweza kumwomba mtu mzima choo chake kwenye kikopo, na mtu huyo asikasirike. Ndiyo kazi yake. Ni mhudumu wa afya ya jamii pale Bangwe, na watafiti wa kichocho walipokuja mwezi wa sita kutafuta watu waliohamia kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, walimpa yeye kazi ya kuwaalika. Mimi, Mwasiti, walinipa kazi ya kuwapikia chai. Sikulalamika, maana bila chai hakuna mtafiti anayeamka.

Siwema ameolewa na kaka yangu Zubery miaka kumi na miwili sasa. Sisi ni watu wa Ujiji tangu enzi za babu, na maneno tunayo. Yeye ni Muha wa Simbo, binti wa wakulima, ndivyo tulivyoambiwa siku ya posa. Kwa hiyo kila akikaanga migebuka namtania: mtu wa mihogo alifundishwa samaki na nani? Hucheka, akanipakulia kipande kikubwa.

Siku ya kwanza ya kazi alifanya kosa. Alichukua daftari, akapita kwenye vichanja vya dagaa vya wahamiaji hao ufukoni akiandika majina: baba, mama, watoto na umri wao. Alidhani anawarahisishia watafiti. Kesho yake ufuko ulikuwa mtupu. Hata dagaa wabichi waliachwa mchangani, kunguru wakawa wanajilia. Mtu aliyewahi kukimbia kwao anajua kinachofuata jina lake likishaandikwa: huja gari la kumrudisha.

Mimi nilisema wazi, mbele ya watafiti, kwamba ndivyo walivyo watu wa kuja, ukiwaletea dawa wanaikimbia.  Siwema alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ameshika tama.

Kilichomuuma zaidi ni mtoto mmoja. Kuna mama kijana anaitwa Elida, alivuka miaka miwili iliyopita, mwanawe Elia ana miaka saba. Tumbo la mtoto yule lilikuwa limevimba, miguu myembamba, na choo chake kilikuwa na damu. Hospitali Elida haendi, anaogopa kuulizwa karatasi. Watafiti walikuwa wanapima na kutoa dawa papo hapo, lakini wangeondoka Ijumaa. Siku hiyo ya ufuko mtupu ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi Siwema aliliacha daftari nyumbani, akanichukua mimi nimsindikize. Tuliwakuta kwenye kighuba kidogo nyuma ya mawe, wameanika upya. Hakuhutubia. Aliketi akaanza kugeuza dagaa pamoja nao, na mimi nikageuza, huku nikinung'unika kuhusu mgongo. Baada ya muda mrefu ndipo akasema kwamba aliwakosea. Akaeleza kuwa watafiti hawahitaji jina, kila mtu hupewa namba tu, asiyetaka anaruhusiwa kukataa, wala hakuna atakayerudishwa kwa kusema alikotoka. Akaeleza pia kwamba ugonjwa ule unatoka majini, unaanza pale pale watoto wanapoogelea.

Elida alisikiliza, mkono wake juu ya kichwa cha Elia.

"Yaya," alisema, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa, "unasema mutu akijulikana ametoka ng'ambo hapatwi na kitu. Sasa wewe mbona unajificha? Mama yangu alivuka na mama yako katika boti moja mwaka wa vita, kisha yeye akarudi."

Nilimtazama Siwema, nikingoja amkemee mwongo yule. Aliendelea kugeuza dagaa.

"Njoo kesho, mdogo wangu," alisema mwishowe. "Nitaanza mimi. Simama karibu usikie."

Njia nzima ya kurudi nilimtangulia hatua kumi, mgongo nimeusahau.

Ijumaa hema la watafiti lilijaa majirani waliokuja kutazama tu. Elida alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, mguu mmoja nje. Siwema aliketi mbele ya Daktari Erasto, mmoja wa watafiti, ambaye alimsomea maelezo yote ya ridhaa, ingawa Siwema mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasomea wengine. Kisha akamwuliza alizaliwa wapi.

"Baraka, Kongo," Siwema alisema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Nilivuka nikiwa na miaka sita, mwaka wa vita. Andika."

Daktari akaandika. Siwema akachukua kikopo chake, akaelekea chooni kama mtu yeyote. Aliporudi, Elida alikuwa ameketi kwenye kiti.

Mtoto alikutwa na kichocho kingi. Walimsimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu ili wajue idadi ya vidonge, akapewa andazi kwanza, akavimeza huku amekunja uso, na mimi nikamtilia sukari nyingi kwenye chai. Nilijikuta nimefurahi. Hadi adhuhuri walikuwa wamekuja watu thelathini na mmoja.

Jioni tulirudi Ujiji pamoja, yeye amebeba boksi la vikopo vilivyobaki. Nilikuwa na hasira, sikatai. Miaka kumi na miwili nakula kwake, namtania Simbo, kumbe nachezewa.

"Kaka anajua?" nikamwuliza.

"Anajua tangu kabla ya posa."

"Na mama yetu?"

"Mama ndiye aliyesema tuseme Simbo."

"Kwa nini basi? Mke wa Zubery angerudishwa na nani?"

Siwema alihamishia boksi mkono wa pili. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Hatukuogopa kurudishwa, wifi," alisema. "Tulikuogopa wewe."