Andika na Kicheko Chake

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, pamoja na uzee huu ulionichukulia majina ya watu na mahali nilipoweka miwani. Ni siku niliyokaa nimefunikwa kanga kichwa kizima, nikasikia ndoa yangu ikivunjwa na mtu ambaye hakusema hata neno moja la uongo.

Nakusimulia kwa sababu mama yako ameniambia kazi uliyopata. Ati nyimbo zetu na michezo yetu inakusanywa, na wewe ndiye unayeandika maelezo pembeni, ili mtu wa mbali asiyejua Kiha chetu akisoma aelewe. Nimefurahi. Nimewatangazia hadi wauza dagaa sokoni. Mimi niliyeishia darasa la tatu nimepata mjukuu wa kuwaeleza watu nyimbo! Lakini kazi hiyo naijua, na ubaya wake naujua, kwa hiyo tulia unisikilize.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Nyakitonto, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa kijiji kipya. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari kama watoto wa shule, nyasi za paa bado zinanukia ubichi, na hapakuwa na mgomba uliokwisha kukua wa kukupa kivuli. Baba yangu alisilimu zamani alipokuwa akifuata chumvi Uvinza, ndiyo maana babu yako alipokuja kuniposa hakukataliwa. Alikuwa kijana wa Pangani, anauza dukani kwa mjomba wake Kasulu mjini. Mwembamba, mpole, anapima sukari bila kuweka kidole kwenye mizani. Nilimpenda kwa hilo la mizani kabla ya jingine lolote.

Siku ya harusi mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa amesafiri kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa lori mpaka kwetu. Babu yako alikuwa mtoto wake wa pekee. Kule mjini alishasema wazi kwamba akiona dharau kutoka kwa hao watu wa milimani, atageuza lori na mwanawe akiwa ndani. Na babu yako, nisikufiche, hakuwa mtu wa kumpinga mama yake. Maalimu alikuwa amekaa barazani na wanaume, akisubiri kufungisha. Ndoa ilikuwa bado.

Sasa elewa desturi yetu. Wageni wa bwana harusi wakifika, sisi hatuwapokei kwa maneno matamu. Wanawake wa nyumbani kwa binti wanasimama uani na kuwatukana kwa nyimbo. Bibi harusi anakaa mkekani amefunikwa, hasemi, hacheki, hainui kichwa mpaka akabidhiwe. Akifungua mdomo ni aibu ya ukoo mzima, watasema alikuwa na haraka ya mume. Anayeruhusiwa kukaa naye ni shangazi yake tu, dada wa baba. Kazi yake ni kumnong'oneza bibi harusi maana ya kila wimbo. Wangu alikuwa mwanamke mnene wa kuchekacheka, mlimaji wa maharage, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei tu.

Wakaanza kuimba. Bibi yangu ndiye aliyeongoza, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kama jembe kwenye changarawe. Mmetoka wapi, nyie msio na vigimbi? Jembe mtalishika kwa vidole gani? Mtoto wetu tumemlea kwa maziwa, nyie mnakwenda kumlisha vumbi. Mama mkwe wake jiko limemwotea nyasi. Kila ubeti ukiisha wanapiga miguu chini, wananyamaza kidogo, kisha wanaanza mwingine mkali zaidi.

Shangazi akaninong'oneza, huu ni wa bibi yako, amekataa kula tangu jana kwa sababu unaondoka. Mimi chini ya kanga machozi yananitiririka, lakini machozi mazuri.

Kumbe upande wa pili yupo mwingine anayenong'oneza. Aliitwa Hamisi, fundi baiskeli wa Kasulu, rafiki wa babu yako. Muha wa kuzaliwa, ila Kiswahili kilimnyooka kwa kukaa Tabora. Kijana mwema kabisa. Aliombwa asimame karibu na kiti cha Bi Mwanaidi amweleze kinachosemwa. Basi akamweleza, neno kwa neno, kwa uaminifu kama anavyohesabu njiti za gurudumu.

"Anasema jiko limeota nyasi."

"Jiko la nani?"

"Lako, mama."

 Nilikuwa karibu, nilimsikia Bi Mwanaidi anavyovuta pumzi. Hamisi akaendelea. Ya vigimbi akayasema. Ya vumbi akayasema. Wanawake wa Pangani waliokuja naye walikuwa wamekaa kwa heshima, mikono mapajani, kama wageni wanavyotakiwa kukaa kwao. Na kadiri walivyokaa kimya ndivyo wanawake wetu walivyopandisha. Nikasikia kiti kinasogea. Akasimama.

"Hamisi, mwambie dereva awashe gari. Na umwite mwanangu."

Mwanangu, nisikilize vizuri. Mimi Kiswahili nilikijua. Mtu pekee uani pale aliyesikia pande zote mbili, ukimtoa Hamisi, nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyekatazwa kusema. Nilitia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma. Nikasikia lori linakohoa kule barabarani. Nikawaza, babu yako anaondoka na mizani yake.

Nilimkaba shangazi mkono, nikamfinya kwa nguvu zangu zote. Akashtuka. Akainua macho, akamwona mama wa watu amesimama na uso umekauka, na Hamisi anatafuta njia ya kupita. Akaelewa. Desturi inasema shangazi hamwachi bibi harusi hata nyumba ikiungua. Aliniacha. Akavuka uwanja na matako yake makubwa, bibi yangu akakatiza wimbo katikati kwa mshangao.

Hakumshika Bi Mwanaidi kumzuia. Alikaa chini, kwenye udongo, miguuni pake.

"Mama, umeambiwa maneno," alisema kwa Kiswahili chake kile cha sokoni. "Umeambiwa nani anaimba?"

Bi Mwanaidi akasema haimhusu nani anaimba, matusi ni matusi.

"Yule mzee ndiye amemlea huyu mtoto mgongoni. Anakutukana wewe kwa sababu hawezi kukutukana Mungu anayemchukulia mtoto." Hamisi akaguna, kwa maana sentensi ilitoka imepinda, lakini shangazi hakujali. "Na mama yake mzazi, umemsikia akiimba? Mtazame."

Mama yangu alikuwa ametazama ukuta, ametupa mgongo, mabega yanacheza. Akiimba angelia, na siku hiyo mama haruhusiwi kulia mbele za watu.

Kisha shangazi akamweleza kile ambacho Hamisi hakukieleza, kwa kuwa hakuna neno linalokibeba. Alimweleza ule ukimya. Wakipiga miguu na kunyamaza, alisema, hapo pameachwa wazi kwa ajili yenu. Mnatakiwa mjibu. Msipojibu, wanajua hamna haja na mtoto wao, ndiyo maana wanazidi. Mama, hawakufukuzi. Wanakuita.

 Lori lilikuwa bado linaunguruma. Shangazi akageuka akawapigia kelele wanawake wetu kwa Kiha kwamba hawa wageni kunyamaza kwao ndiyo adabu, kwao mgeni hajibizani na mwenye nyumba, wawaache wapumue. Bibi yangu akashika mdomo. Kumbe na yeye alikuwa ameumia, alidhani anadharauliwa.

"Nikijibu, nijibu nini?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Tutukane na sisi. Ila kwa mapenzi."

Nilikuwa sioni, nilisimuliwa baadaye. Alivua viatu. Akakusanya buibui mkononi. Na huyo mama aliyekuwa mkavu kama kuni, kumbe kwao ndiye anayeitwa harusini watu wakipoa. Akatoa sauti ambayo mpaka leo nikilala naisikia:

"Mmemfunika mtoto kama chungu, nyie wa milimani! Tufunulieni tuone, mmepika au mmechemsha maji?"

Wanawake wetu hawakuelewa, wakamgeukia Hamisi. Na hapa ndipo nilipompenda Hamisi mpaka alipokufa. Alianza kutafsiri, akasita, akamtazama Bi Mwanaidi usoni, kisha akasema kwa Kiha: "Anasema mmefunika chungu, anataka kuona kama mmepika au mmechemsha maji tu. Na anasema huku anacheka. Anacheka, jamani."

Uwanja ulipasuka. Bibi yangu alicheka mpaka akakaa. Mimi bibi harusi, nisiyeruhusiwa, nilicheka chini ya kanga mabega yakanitolea siri, na hakuna aliyenisema. Babu yako alikwenda mwenyewe kuzima lori. Mama yangu akageuka kutoka ukutani.

Bi Mwanaidi aliniishia mikononi, uzee ulipomkalisha Kasulu. Kila nilipomletea chakula, hata siku ambazo hakuwa na nguvu ya kushika kijiko, alifunua mfuniko taratibu, akachungulia, akaniuliza, "Umepika au umechemsha maji?" Aliyesimama mlangoni asiyejua kitu angesema mama mkwe ana kisirani. Mimi nilikuwa nikijibu, nimechemsha maji, mama. Na tukala.

Sasa, mwanangu, kazi yako. Hamisi hakukosea neno. Maneno yake ukiyapima kwenye mizani ya babu yako yanatimia. Lakini mtu asiyejua anahitaji zaidi ya maneno. Mwambie ni nani anaimba na anamwimbia nani. Mwambie aliyegeukia ukuta kwa nini amegeuka. Mwambie pale panaponyamaza ni pa nani. Hata kisoro, bao letu la huku, usiandike tu kete zinavyozunguka mashimoni, maana msomaji akija akawakuta wazee wawili wanapigiana kelele na kuitana wajinga, ataita mgambo, na wale ni marafiki toka utotoni. Na ueleze pande zote mbili, kama shangazi alivyogeuka akawaeleza na wetu. Anayeelezwa upande mmoja tu anaondoka na ugomvi.

Usitie chumvi yako pia. Shangazi hakumwambia Bi Mwanaidi kwamba ule wimbo unamsifu. Matusi yalibaki matusi. Alimwonyesha tu yametokea wapi. Na ukishaonyesha, toka uani, waache waimbe. Mwenye kueleza akiendelea kusema wakati watu wameshaanza kucheka, anawazibia.

Mungu akupe sikio la shangazi yangu, mjukuu wangu, na moyo wa Hamisi wa kutazama uso wa mtu kabla ya kuyabeba maneno yake. Kalamu yako ipatanishe watu ambao hutawaona. Na ukiufikia ule wimbo wa chungu, nakuomba usiandike maneno matupu. Andika kwamba aliyeuimba alikuwa amevua viatu. Andika na kicheko chake.