Punje za Ulezi Kitandani kwa Waziri Mkuu

Mimi ndiye niliyekuwa nikitandika vitanda ikulu ndogo, pale Mpanda. Wazee husema nyumba ile ilijengwa zamani kwa ajili ya bwana mkubwa wa mgodi, kisha serikali ikaichukua. Waziri Mkuu akija ziara hufikia humo. Lakini mara nyingi tunafua, tunapiga pasi, wakaguzi wa usalama wanakuja na kutufukuza sote nje, wanaondoka, halafu tunaambiwa ziara imeahirishwa.

Kitanda hakilaliwi, na mimi si mtu wa kuamini watu. Kila nilipomaliza kutandika, niliweka punje tatu za ulezi juu ya mto, nijue kama kuna aliyekilalia.

Asubuhi moja, ziara ikiwa imeahirishwa jana yake, nilikuta punje sakafuni na shuka limejikunja. Wenye funguo tulikuwa wawili: mimi na mtunza bustani, mdogo wake mume wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimwombea kazi. Nilimvizia wiki nzima. Hata koti lake nililinusa, kama lina harufu ya sabuni yetu. Mwisho nikamtamkia mbele ya wenzetu kwamba analala kitanda cha Waziri Mkuu.

"Mimi, shemeji?" alisema. "Kama nyie mnaniona hivyo, funguo hizi hapa."

Akaenda zake Magamba kulima. Mume wangu alininunia mwezi mzima, nami nikazidi kujiona mjanja.

Ugeni uliofuata, wakaguzi wakiwa ndani, nilikumbuka sijaweka taulo. Nikajipenyeza hadi chumbani. Nikamkuta ofisa mzima, viatu kavua, anajigeuza kitandani huku na huku.

"Nasikiliza kama kinalia, mama," alisema bila haya. "Ndiyo kazi yetu. Hata ile ziara ya mwisho iliyoahirishwa nilikilalia."

Jumapili nilipanda bodaboda hadi Magamba, nikamweleza shemeji yote, nikamwomba radhi, nikamwambia kazi yake bado ipo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Akatoa kigoda, akakiweka uani. Mkewe akaleta ugali na maharage, akaviweka hapo hapo.

Manyunyu yakaanza. Nikainuka na sahani yangu, nikaelekea mlangoni.

"Ndani hapana, shemeji," alisema taratibu. "Kitu chako kikipotea humo, nitakwambia nini?"

Nikala chini ya paa la jiko, mvua ikininyeshea miguuni.