Jeneza Nililolipita Nikikimbia

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, nilikuwa karani wa ghala la korosho pale Mingoyo, na kazi ilikuwa imeniishia mikononi bila mtu kunifukuza. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia na malori yao mpaka mashambani, wakulima wakawauzia huko huko, na ghala letu likabaki na mizani na popo. Asubuhi nilifungua mlango, nikafagia, nikakaa. Mtu akikaa sana hutafuta ujinga wa kufanya, na mimi ujinga nilioupata ulikuwa kukimbia.

Nasema ujinga kwa sababu ndivyo watu walivyouita. Mchakamchaka wa shuleni tulikuwa tumeupitia sote, lakini mtu mzima mwenye mke na ndevu kutoka mbio porini bila kufukuzwa na chochote, hilo lilikuwa jipya. Lindi mjini walikuwako wenzetu kama kumi hivi, walimu, makarani na muuguzi mmoja, waliokutana kila Jumamosi jioni wakapiga soga zaidi ya walivyokimbia. Mingoyo tulikuwa wawili tu, mimi na fundi baiskeli.

Fundi alikuwa ameteremka kutoka kwao, uwanda wa juu wa Wamakonde, baiskeli mpya zilipoanza kujaa madukani. Alikuwa Mkristo, mfupi, mwenye mapaja ya kupandia vilima, na hakuwa na maneno mengi. Yeye aliniita karani, nami nilimwita fundi. Kila Jumamosi asubuhi tulichukua njia ya miguu iendayo Sudi, tukapita mikorosho, tukavuka bonde, tukapanda kilima kimoja kibaya chenye mchanga, kisha tukageuka. Tulivaa raba za mtumba. Zangu zilikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa wino ndani ya ulimi wa kiatu, na fundi alizoea kuniuliza kama mwenyewe hajaja kuzidai.

Juu ya kile kilima kulikuwa na nyumba ya bibi mmoja mjane. Kila Jumamosi alituwekea mtungi wa maji upenuni, na kata juu ya kifuniko. Hakuna aliyemwomba. Mara ya kwanza alituona tumeshika magoti, tunahema, akatuonea huruma, na tangu siku hiyo mtungi ukawa pale. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, halafu akauliza swali lake lile lile.

"Leo nani anawafukuza?"

"Uzee, bibi," fundi alijibu siku moja.

"Basi kimbieni. Mimi umeshanikamata."

Maji yake yalikuwa na harufu ya ubani, maana aliufukiza mtungi. Nimekunywa maji ya kila aina tangu wakati huo, ya chupa na ya barafu, na bado koo langu linayakumbuka yale.

Basi, Lindi mjini kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa na vyombo. Naye alikuwa amepatwa na ugonjwa wetu wa kukimbia, ila yeye alikimbia na suruali ndefu, kwa heshima ya mtaa. Mwaka huo alituahidi jambo. Tukimbie siku moja kutoka Sudi mpaka Lindi kwa njia za miguu, na atakayetangulia atampeleka Dar es Salaam kwenye mbio kubwa, atalala kwa ndugu zake, na atapewa raba mpya kutoka kwenye boksi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Niseme kweli, niliitaka nafasi ile kwa njaa mbaya. Zilikuwa zimeanza kuvuma habari kwamba ghala litafungwa. Nyumbani mke wangu alikuwa haniulizi tena habari za kazini, na kule kutouliza kuliniuma kuliko matusi. Nilitaka nirudi siku moja niseme nimeshinda kitu. Fundi naye aliitaka, lakini hakulia njaa kama mimi. Alisema tu kwamba angependa kuona Dar es Salaam kabla magoti hayajachoka. Tulikubaliana tukimbie pamoja mpaka Mingoyo, halafu kila mtu ale kivyake. Nilikubali huku nikijua kwamba mwisho wa safari fundi alikuwa na nguvu kuliko mimi. Kila Jumamosi, ikibaki hatua chache tufike, alikuwa akipunguza mwendo ili tuingie sawa, akidhani sioni.

Siku yenyewe tulianza Sudi mara tu baada ya sala ya alfajiri, watu tisa. Kabla jua halijawa kali mimi na fundi tulikuwa tumewaacha wenzetu nyuma kabisa. Tulipofika kileleni kwa bibi, upenuni hapakuwa na mtungi. Mlango ulikuwa umefungwa. Jumamosi iliyotangulia mvua ilikuwa imetuzuia, hatukupita, kwa hiyo hatukuwa na habari zake. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimeitegemea ile kata njia nzima, na nilimnung'unikia yule mama mzee kama mtu aliyevunja mkataba.

"Labda anaumwa," fundi alisema.

"Siku ya leo ndiyo ya kuumwa?" nikamjibu, tukaanza kuteremka.

Chini ya kilima, pale njia inapokuwa nyembamba kati ya mikorosho, tulilikuta jeneza. Lilikuwa linakuja upande wetu, linapanda tulikoteremka. Walilibeba wazee wanne, na wa tano ametangulia na jembe begani. Ulikuwa msimu wa korosho, vijana wote wametawanyika mashambani na kwenye malori ya wanunuzi. Kwa kawaida jeneza watu hulipokezana, huyu anaingia, yule anatoka, bega halipati hata nafasi ya kuchoka. Wale wazee hawakuwa na wa kuwapokea. Mmoja wao alikuwa ameweka kanga iliyokunjwa begani ili mti usimchubue, na mguu wake ulikuwa unateleza kwenye mchanga.

Mimi ndiye Mwislamu kati yetu wawili. Marehemu baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo kabisa kwamba ukikutana na maiti njiani unageuka. Hata kama una haraka, unaweka bega lako hatua chache, kisha unaomba ruhusa, na hakuna atakayekulaumu. Hatua chache tu. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Najua pia kwamba ukishauliza ni nani aliyefariki, umeshasimama. Kwa hiyo sikuuliza. Niliingia kwenye majani kuwapisha, nikasema inna lillahi kwa pumzi iliyonibakia, nikapita. Mzee mwenye kanga aliinua macho akanitazama. Mimi nikatazama chini, kama mtu anayechunga visiki.

Nilisikia hatua za fundi nyuma yangu zikikoma. Sikugeuka mara moja. Nilipogeuka nilikuwa mbali, nikamwona ameshachukua mahali pa yule mzee, fulana yake ya mbio imelowa, anapanda kilima na wale watu, anarudi kule tulikotoka. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Moyo wangu haukushtuka wala kuona haya. Ulifurahi. Nilihesabu muda atakaopoteza, nikaongeza mwendo.

Nilipita Mingoyo peke yangu. Nilikata kwenye mashamba ya chumvi, nikaingia Lindi jua likiwa utosini, wa kwanza. Mwenye duka alikuwa ameweka meza kivulini mbele ya duka lake, na jagi la maji ya ndimu na chumvi. Alinikumbatia na jasho langu lote.

"Na mwenzako yuko wapi?" akauliza. "Si mlikuwa pamoja?"

Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa nimeshashinda, na ukweli usingeninyang'anya chochote. Au labda niliogopa kwamba ungeninyang'anya, kwamba mtu yule mcha Mungu angeuliza, na wewe je, hukubeba?

"Miguu imemshinda," nikasema.

Fundi aliingia alasiri, wa mwisho, wenzetu wameshaoga na kula. Magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu, na mikono pia mpaka kwenye viwiko. Walimpigia makofi ya utani. Mwalimu mmoja akampa mkongojo wa kuokota. Mwenye duka, ambaye hakuwa na ubaya, alimpa maji akasema, "Pole, bwana. Tumesikia miguu imekushinda."

Fundi alinywa mpaka mwisho. Akanitazama, si sana, kisha akamrudishia mwenye duka bilauri.

"Hutokea," akasema.

Tulirudi Mingoyo nyuma ya lori la mbao, tumekaa tumetazamana, boksi la raba liko mapajani mwangu. Nilisubiri anitukane, nikawa nimeshaandaa hata majibu. Hakutukana. Tulipokaribia Mingoyo ndipo aliposema, "Yule alikuwa bibi wa maji. Alifia nyumbani kwa binti yake, huku kando ya barabara. Walikuwa wanamrudisha kwake wakamzike karibu na mumewe."

Nililishika lile boksi kwa mikono miwili, maana lori lilikuwa linarusha.

Dar es Salaam nilikwenda. Nilikimbia na raba mpya zikanichuna visigino vyote viwili, nikamaliza katikati ya kundi la watu wasiojuana, hakuna aliyeniuliza jina. Mke wangu nilimsimulia kila kitu, hadithi ndefu, isipokuwa kilima. Nilipomaliza alisema, "Na fundi wa watu, maskini, miguu ilimshinda." Utani wa Lindi ulikuwa umeshafika mpaka Mingoyo. Watoto walipita kwenye kibanda cha fundi wakijifanya wanachechemea. Yeye alicheka nao kidogo, akaendelea kuziba mipira. Lakini Jumamosi hakuja tena. Nilipokwenda kumgongea alisema ana kazi nyingi, na kweli baiskeli zilikuwa zimemjaa mlangoni. Nilimpelekea zile raba. Akazipima kwa kiganja, akasema mguu wake ni mpana, akanirudishia. Neno moja langu mbele ya wale watu wa Lindi lingetosha, na kila Jumamosi nilikwenda nikakaa nao nisilitamke.

Nilichelewa kwenda kuhani mpaka arobaini ikapita. Siku niliyokwenda nilitembea, sikukimbia. Pale kilimani, upenuni, nikaukuta mtungi umerudishwa mahali pake, na kata juu. Nyumba ilikuwa imehamiwa na kaka wa marehemu. Nilimtambua kabla hajaniona vizuri. Alikuwa yule mzee wa kanga begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Karibu." Akanitazama kwa muda, kisha uso wake ukafunguka. "Wewe si yule mkimbiaji?"

Nikasema ndimi. Nikatoa pole zangu, maneno yale ya kawaida, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilikuwa nimekuja nikiwa nimeamua kumwomba radhi, nimeipanga sentensi njia nzima. Nikafungua kinywa.

"Babu, siku ile niliwapita..."

Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Usijisumbue. Mwenzako alitueleza." Alinisogezea kigoda. "Mimi nilikuona ukipita nikaumia, sikufichi. Nikamwambia, mwenzio huyu si mtoto wa Kiislamu? Akasema, msamehe, mzee, ameletewa habari ana mgonjwa mahututi Lindi, hajui kama atamkuta. Basi pale pale makaburini, tulipomaliza kumwombea marehemu, tukamwombea na mgonjwa wako. Na yule kijana naye akainua mikono yake pamoja na sisi, kwa namna ya kwao."

Nilikaa. Niliihesabu saa ile kichwani, sikutaka lakini niliihesabu. Wakati wao wako kaburini, mimi nilikuwa nakata mashamba ya chumvi. Muda mfupi baadaye ndipo nilipoinama juu ya ile meza ya Lindi nikasema miguu imemshinda.

Mzee alikuwa ananisubiri. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu aliyebeba jambo hilo mwezi mzima na zaidi.

"Je, ulimkuta?"

Kama ningesema kweli, ningemfanya fundi mwongo mbele ya mtu aliyempenda. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sababu au woga ule ule umebadili nguo.

"Nilimkuta," nikasema.

"Alipona?"

"Alipona, babu."

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamlengalenga kwa furaha ya mgonjwa asiyekuwepo. Kisha akainuka, akafunua mtungi, akanichotea maji. Naye alikuwa ameufukiza ubani, kama dada yake. Nikanywa yote, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu anangoja kata.