Chelezo cha Fundi Osiako

Mikono ya Philip Osiako inajua kazi moja tu, lakini hiyo moja inaijua kwelikweli. Kwa miaka thelathini ametengeneza mabomba ya mianzi ya kuteremsha maji kutoka chemchemini hadi kwa watu, huku upande wa Mukumu. Cheti hana. Vijana waliosoma chuo cha ufundi cha Sigalagala humsalimu kwa heshima zote, kisha kazi ya kufundisha wanapewa wao. Hilo lilimuuma, asikudanganye mtu.

Basi Agosti iliyopita kanisa likaandaa kambi ya vijana, na msimamizi wake, Mwalimu Dorothy, akamwomba awafundishe kuunda chelezo cha mianzi cha kuvukia bwawa la samaki. Osiako alinyoa ndevu, akapiga shati pasi.

"Fundi, nisikufiche," Mwalimu Dorothy alimwambia. "Wazee wa kanisa wananiuliza kwa nini sikuchukua mwenye cheti. Jumamosi watakuja kutazama. Kikizama, mwakani sitaweza kukuita."

Vijana kumi na wawili wakakata mianzi na kuibeba, wakitaniana njia nzima. Osiako akashika nondo yake ya chuma, akatoboa vifundo vya kila mwanzi, vile vikuta vya ndani, toka ncha hadi ncha. Hakuna aliyemwambia atoboe. Mazoea yana taabu: mwanzi, kwake yeye, ni njia ya maji. Kisha wakaifunga kwa kamba za katani.

Ijumaa asubuhi wakakishusha bwawani, wanne wakapanda. Chelezo kikatulia kidogo, halafu kikaanza kunywa maji, taratibu, hadi Maurine, binti wa mkata miwa wa Butali, akajikuta amesimama kwenye maji ya kiuno, uso ameukunja.

"Ni Lazarus alifunga vibaya," mmoja akasema.

"Kwani nilifunga peke yangu?" Lazarus akajibu.

Osiako akaitazama nondo mkononi, akaelewa. Angeweza kunyamaza tu, maana lawama ilikwisha kupata pa kukaa. Akavua kofia.

"Mwacheni Lazarus. Kamba ziko sawa. Kosa ni langu. Vifundo ndivyo vinashikanga hewa, na mimi nimevitoboa. Nimewatengenezea bomba."

Kisha Lazarus akauliza kama kuna mianzi mingine. Ilikuwako, imesimama nyuma ya nyumba ya Osiako, haijakatwa.

"Basi twende, Fundi. Jua bado liko."

Wakaenda wote, bila kuagizwa na mtu. Wakakata, wakafunga mpaka jioni. Osiako aligeuka pembeni mara mbili kufuta macho, akisingizia vumbi la mianzi.

Jumamosi chelezo kilivuka bwawa mara tatu mbele ya wazee, na habari ya cheti haikutajwa tena.

Kambini pale, siku ya mwisho kila mtu husimama kwenye maombi akataja jambo moja la kushukuru. Wengi walishukuru ile ingokho ya Alhamisi, na kweli kuku yule alikuwa mtamu. Maurine akasimama.

"Mimi nashukuru Fundi alisema kosa ni lake. Niko na miaka kumi na saba. Sijawahi kusikia mtu mzima akisema hivyo."

Zamu ya Osiako ikafika. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri ya kuwashukuru wazee. Akasimama, akawatazama wale vijana.

"Asanteni kwa kurudi na mimi kukata," akasema, akaketi.